Kuhusu Programu ya Bei Nafuu Iliyomdundisha Mzee Maundu

Kitonga Tenti, Viti na Spika,
Mumbuni, Machakos.
Jumatano asubuhi.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Teknolojia.

Mheshimiwa Mhariri,

KUH: OMBI LA KUPANDISHWA KWA BEI YA PROGRAMU ZA KUTENGENEZA TOVUTI

Pokea salamu kutoka Mumbuni, ambako sisi sote ni wazima wa mwili. Kuhusu uzima wa heshima yangu ndipo nimelazimika kukuandikia.

Jina langu ni Erastus Kitonga. Nakodisha tenti, viti na spika kwa harusi, matanga, mahafali, na mikutano ya wanasiasa wanaolipa kabla ya kuhutubu. Kazi hii niliianza wakati tenti ilikuwa turubai la lori na kiti kilikuwa benchi la shule. Sijawahi kulalamika gazetini. Hata upepo ulipoing'oa tenti yangu katikati ya harusi na kuitua juu ya banda la kuku la jirani, bibi harusi akabaki juani na kuku wakabaki kivulini, nilinyamaza.

Safari hii siwezi kunyamaza. Gazeti lako lilichapisha makala yenye kichwa "Tovuti Inayotembea kwa Bei ya Mfukoni", ikitushauri sisi wafanyabiashara wadogo namna ya kuchagua programu ya kuchora tovuti yenye picha zinazocheza. Najua wasomaji wengine hukuandikia wakisema vitu ni ghali. Mimi nakuandikia kusema kwamba kitu hiki ni rahisi mno, na ni rahisi kwa maana zote mbili: rahisi kununua na rahisi kutumia. Hizo rahisi mbili zilipokutana kwangu, zilinimaliza.

Kabla ya malalamiko, nieleze nilivyofika hapo. Mshindani wangu, Muema, ana tovuti. Si tovuti ya ajabu. Ina picha za viti, na viti vimetulia. Lakini kamati ya harusi moja ya Matuu ilinipita mlangoni ikaenda kwake, na mwenyekiti wao akaniambia bila haya, "Tulimuona mtandaoni." Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Peris, kwamba nasi tutakuwa na tovuti.

"Baba Ndolo," akasema, "si namba yetu iko kwa lori? Watu wanaiona."

"Wanaiona lori ikipita. Mimi nataka viti vitembee."

"Viti vyetu hupotea vikiwa havitembei. Vikianza kutembea itakuwaje?"

Nilikuwa tayari nimefungua makala yako.

Nilichagua kwa uangalifu, Mheshimiwa, naomba hilo lieleweke. Programu ya kwanza niliyoitazama ni ile ya mabingwa. Inatozwa kila mwezi, kwa dola, na ukiacha kulipa inaondoka na kila kitu chako. Mimi ni mtu wa kukodisha vitu, kwa hivyo tabia hiyo naielewa vizuri sana, na kwa sababu naielewa, niliikimbia. Ya pili ilikuwa ya bure kabisa, ila iliandika jina lake juu ya tenti zangu kwa herufi kubwa kuliko langu, na chini ya picha ya meza ya maharusi ikaweka tangazo la dawa ya minyoo. Ya tatu ilitoa majaribio ya bure. Yangu yalipoisha niliingia kwa barua pepe ya Peris. Ya Peris yalipoisha niliingia kwa barua pepe ya kwaya ya kanisa, ambayo mimi ni katibu wake. Mpaka leo kwaya inaandikiwa, "Mpendwa Kwaya, tovuti yako inakukosa sana," na mwalimu wetu wa kwaya ameuliza mbele ya sauti zote nne huyu Tovuti ni nani.

Ya nne ndiyo hiyo mliyoipigia debe. Unalipa mara moja, inakuwa yako milele. Huandiki msimbo wowote. Unakokota picha, unaiachilia, unaichagulia mwondoko. Mwandishi wako alisema kwamba hata mtu asiye na ujuzi wowote anaweza. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa kwa furaha. Nilijitambua papo hapo.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Bei haikunitisha.

Nyumbani kwetu, kitu chochote kinachozidi bei ya mbuzi hujadiliwa. Peris hukaa upande mmoja, dada yake huitwa, na mimi huulizwa maswali mpaka tamaa inaniisha. Ndivyo tulivyoepushwa na jenereta ya mtumba, na ndivyo nilivyozuiwa kununua farasi wa kubeba maharusi. Programu hii ilikuwa bei ya kuku wawili wa gredi. Ilipita chini ya ua, ikaingia nyumbani bila kuulizwa. Kama ingekuwa ghali, Mheshimiwa, ningekuwa leo mtu mwenye hasira na heshima yake. Sasa nina programu.

2. Programu haina neno "hapana".

Upande wa kulia wa skrini kuna droo ya miondoko: kuruka, kufifia, kuzunguka, kudunda, kuanguka kama theluji, kufunguka kama ua. Mimi nililelewa kutobakisha chakula kwenye sahani. Nilitumia yote. Viti vilikuja kimoja kimoja kutoka mbinguni vikajipanga, na mteja alipaswa kusubiri mpaka cha mwisho kikae. Tenti ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka, kama kitu kinachopumua kwa shida. Picha yangu mwenyewe, ile ya suti ya kijivu, ilizunguka taratibu juu ya maneno "Tunajali Utulivu Wako". Juu ya vyote hivyo nikanyesha mioyo myekundu. Hakuna mahali programu iliniuliza, "Kitonga, una hakika?" Fundi wangu wa kushona tenti huniuliza hivyo hata nikitaka kubadilisha rangi ya uzi.

3. Namba ya simu ilitoroka.

Niliiweka namba yetu kwenye mabawa ya njiwa mweupe ili ipendeze. Njiwa aliruka vizuri sana. Wa kwanza kupiga simu alikuwa Dayib, anayeniuzia vitambaa vya kupambia pale mjini, mtu mpole asiyependa kumuudhi mteja.

"Kitonga," akasema, "namba yako inanikimbia. Nimeifukuza mpaka chini ya ukurasa, imerudi juu."

"Lakini umenipigia," nikasema.

"Nimekupigia kwa sababu niko nayo kwa simu tangu zamani. Mgeni ataipata wapi? Wacha vitu vitulie, ndugu yangu. Mtu akitafuta viti, amechoka kusimama."

Nilimshukuru, nikamwambia ataelewa siku moja. Nikaongeza njiwa wa pili.

4. Mzee Maundu.

Hapa, Mheshimiwa, naomba usome ukiwa umekaa.

Mzee Maundu wa Kithyoko alikuwa mzee wa kanisa na mkulima, na ndiye mteja pekee katika maisha yangu yote aliyewahi kunirudishia viti vikiwa vimepanguswa. Nilimhudumia kwenye harusi ya binti yake, Mutanu. Asubuhi baada ya harusi nilimkuta uani na kitambaa, akipangusa kiti baada ya kiti. Nilipomwambia hiyo ni kazi yetu, akasema, "Wewe umeleta safi." Alipofariki, Mutanu aliniomba tenti na viti, kisha akauliza kama ninaweza kuweka tangazo la mazishi kwenye tovuti yangu, ili jamaa walioko Mombasa na ng'ambo walione mahali pamoja. Nikasema nitafanya, tena bila malipo. Nilitaka kumfanyia mzee kitu kizuri.

Nilifungua ukurasa mpya. Nikaweka picha yake: kofia mkononi, uso mtulivu. Nikaandika siku, mahali, na majina ya watoto. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilitulia kabisa, nikaridhika, nikatuma. Nilichokuja kujua baadaye ni mambo mawili. La kwanza, kompyuta yangu ni nzee na haina nguvu, kwa hivyo miondoko na mapambo haiyaonyeshi mpaka ukurasa uwe umeshatumwa. La pili, na hili ndilo kosa la bei, programu ya kuku wawili ina mpangilio mmoja kwa tovuti nzima. Unachochagulia harusi, matanga yanarithi. Zile za bei kubwa hutenganisha.

Jumatatu adhuhuri Mutanu akanipigia. Alikuwa akijaribu kuongea kwa adabu.

"Anko Kitonga, baba anadunda."

"Nani anadunda?"

"Baba. Kwa tovuti yako. Ameingia kutoka kando akidunda, na mioyo inamnyeshea. Saa hii viti vinakuja. Watu wote wa familia wameona."

Nilikimbilia kwenye kompyuta. Nikabofya "Ondoa", na jina la marehemu likaondoka, mioyo ikabaki. Nikabofya "Rudisha", na jina likarudi likiwa na baluni. Chini kabisa, kwa herufi za dhahabu ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa, yakajitokeza maneno "Karibuni Tufurahi Pamoja". Nilipoishiwa na vya kubofya nilienda nikazima swichi kubwa ya umeme ya nyumba.

"Umezima friji," Peris akasema kutoka jikoni.

"Nazima tovuti!"

"Tovuti haiko hapa nyumbani, Baba Ndolo."

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Kisilu, ndugu mdogo wa marehemu, ambaye naye ni mzee wa kanisa, tena wa wale wasiotabasamu hata kwenye ubatizo.

"Kitonga," akasema, "ndugu yangu hajawahi kudunda akiwa hai. Wewe ni nani umdundishe sasa?"

Nilisema tu, "Pole, mzee." Akaniambia nisijisumbue kuleta tenti, wamempata mtu mwingine.

Mwishowe ni Dayib aliyenielekeza kwa simu namna ya kuufunga ukurasa wote. Ilikuwa kitufe kimoja. Kilikuwa pale pale siku zote, lakini hakikuwa na mwondoko wowote, na mimi sikukiona.

5. Kiti cha Muema.

Jana mimi na Peris tulipanda lori letu kwenda Kithyoko kuomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nikijifunza hotuba. Nilikusudia kuwaeleza habari ya mpangilio mmoja, na kompyuta nzee, na makala yako. Tulipofika, Kisilu alitupokea getini kwa mkono uliolegea, akatuonyesha pa kukaa. Tenti ilikuwa imeshasimamishwa kwa ajili ya ibada za jioni. Ilikuwa tenti ya Muema. Nikakalishwa kwenye kiti cha Muema. Ni kiti kizuri, Mheshimiwa, hakiyumbi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilitoa hotuba yangu. Kisilu alinisikiliza kama mtu anayesikiliza muuza dawa kwenye basi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi kunyweni chai."

Tukanywa chai. Harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ilikuwa ikitoka jikoni, lakini muthokoi wenyewe haukutufikia. Mwaitu (yaani mama) Syokau, mjane wa mzee, hakutoka nje. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, na niliona tu miguu ya akina mama waliokaa naye. Baadaye Mutanu alikuja, akamwita Peris peke yake aingie ndani. Nilibaki na Kisilu. Nilijaribu kusifu tenti, nikaona nasifu tenti ya nani, nikanyamaza.

Niwe mkweli kwako. Kupoteza kazi ya mazishi nimezoea. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka yule mzee na kitambaa chake, na nikaona kwamba kitu cha mwisho alichofanyiwa na mimi ni kudundishwa mbele ya familia yake mwenyewe.

6. Peris hajasema neno.

Alitoka mle ndani akapanda lori, akafunga mlango. Kutoka Kithyoko hadi Matuu, kimya. Kutoka Matuu hadi Mumbuni, kimya. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa, "Nilikuambia namba iko kwa lori." Hakusema. Nikamchokoza makusudi, nikasema labda tungebaki na lori tu. Akaangalia nje ya dirisha. Tangu nimuoe sijawahi kunyimwa lawama namna hii, na nakuhakikishia kwamba mtu aliyezoea kulaumiwa vizuri akinyimwa, hawezi kulala wala kula. Uharibifu huu pia uongezwe kwenye hesabu ya programu yenu.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu gazeti lako lipiganie mambo yafuatayo:

(a) Bei ya programu yoyote inayoweza kusogeza picha ipandishwe mara moja ifike bei ya ng'ombe wa maziwa aliye na mimba, ili nyumba kama yetu ziweze kukaa kikao.

(b) Mnunuzi awe na leseni. Dereva hafundishwi kupiga honi kabla ya kufundishwa kusimama. Mtu wa tovuti naye aanze kwa kutuliza kitu kimoja kwenye ukurasa, mbele ya mtahini, na kisipotulia arudi baada ya mavuno.

(c) Kila mwondoko upigiwe muhuri na chifu. Kufifia kunaweza kuidhinishwa na naibu wake. Kudunda kupelekwe kaunti.

(d) Wafanyabiashara wa tenti tuwekwe kwenye orodha maalum ya watu wasiouziwa, pamoja na makatibu wa kwaya. Kwa vile mimi ni vyote viwili, picha yangu ibandikwe kwenye maduka ya kompyuta kuanzia Machakos hadi Masinga. Tafadhali iwe ile ya suti ya kijivu, na isizunguke.

Najua utasema kosa ni la mtumiaji. Hilo nalikubali bila kubishana, na ndiyo hoja yangu yenyewe: mtumiaji ni mimi, na mimi nipo, na nitaendelea kuwepo. Kwa kuwa siwezi kurekebishwa, irekebishwe bei.

Nisalimie wachapishaji, wachora katuni, na yule mwandishi wa makala, ambaye simchukii. Msalimie pia yeyote pale ofisini anayepanga kuoa. Viti vipo, na kwa sasa vimetulia stoo vyote.

Wako anayehitaji kuzuiwa,

Erastus Kitonga,
Mumbuni.

T.B. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye "Tuma" Mutanu aliponipigia tena, na sasa Peris amefungua mdomo, kwa hivyo nalazimika kuongeza haya.

Kumbe kule ndani mwaitu Syokau alimwita Peris ili amuonyeshe kile ambacho wanawe walikuwa wakimficha. Peris alikuwa amehifadhi video ya mzee akidunda kwenye simu yake, kwa nia ya kunilaumu nayo. Mama aliangalia mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akajifunika mdomo kwa leso. Mara ya tatu akacheka, mpaka wenzake wakainuka kumshika wakidhani amezidiwa na kilio. Alikuwa hajacheka tangu mzee alipolazwa. Akawaambia kwamba Maundu alikuwa mchezaji, ngoma zote za upande ule zilimjua, na kwamba yeye hakumpendea shamba. Mzee alipookoka aliacha kucheza, na Kisilu wakati huo alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Mama akamwomba Peris asiseme neno kwa yeyote, hata kwangu, mpaka yeye mwenyewe azungumze na shemeji yake. Amezungumza naye asubuhi hii. Mutanu anasema Kisilu aliuliza tu, "Alikuwa anacheza vizuri?"

Mazishi ni Jumamosi. Tenti na viti vitabaki vya Muema, na ni haki yake. Mimi nimeombwa nipeleke skrini kubwa, na mzee awe juu yake. Mioyo itolewe, baluni zitolewe, dhahabu itolewe. Kudunda kubaki.

Ila mama ana marekebisho. Anasema mume wake hakuwa anarukaruka vile kama mpira. Alikuwa polepole zaidi, na ilikuwa inaanzia mabegani.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Mhariri, yale maombi manne ya hapo juu yaweke kando kwanza. Nimeipekua droo yote ya miondoko. Kuruka kupo, kufifia kupo, kuzunguka kupo. Mabega hayapo. Tafadhali muulize mwandishi wako, leo hii, kama anajua programu yoyote yenye mabega. Peris amekaa hapa kando yangu, na ndiye anayeniambia niandike kwamba bei si neno.